Mgahawa mmoja wa Kihindi Upanga, sifa na lawama kwa pamoja: nimwamini nani?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Tabata. Mwezi ujao mama yangu anakuja kutoka Tanga, na nimekusudia kumpeleka, pamoja na mume wangu na watoto wawili, kwenye mgahawa wa kawaida wa Kihindi ulioko Upanga. Nilipoulizia nikachanganyikiwa. Mwenzangu wa kazini anasema hajapata kula kuku tikka mtamu kama wa pale. Shemeji yangu wa Kimara aliagiza chakula kikaletwa na bodaboda, akakuta naan ngumu isiyotafunika na mchuzi unaoelea mafuta. Jirani yangu analalamika kwamba biriani ni kavu na bili ilizidi bei zilizoandikwa kwenye menyu. Mimi mwenyewe nilipita mara moja mchana nikaambiwa tikka hakuna. Nimwamini nani? Na mama, ambaye hali pilipili, aagize nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nimefanya kazi katika majiko ya mikahawa ya Kihindi ya jiji hili, na baadaye nimekuwa nikiwashauri wenye mikahawa hiyo kuhusu menyu na mafunzo ya wapishi. Kwa uzoefu huo sioni aliyekudanganya kati ya wote uliowataja. Jiko la mgahawa wa aina hiyo halifanyi kazi kama jiko la nyumbani, ambamo mtu mmoja hupika chakula chote kwa mkono mmoja. Limegawanyika: kuna mtu wa tanuri, kuna mtu wa masufuria ya mchuzi, kuna mtu wa vya kukaanga, na biriani mara nyingi hupikwa mara moja kwa siku na mtu ambaye saa za chakula cha usiku zinapofika ameshakwenda zake. Kila sehemu ina saa zake nzuri na saa zake mbaya. Mwenzako wa kazini alikutana na tanuri wakati wake mzuri, shemeji yako akakutana na mchuzi na mkate baada ya safari ndefu, na jirani yako akakutana na biriani ya watu wengine. Kwa hiyo swali la kumwuliza anayesifu au anayelaumu ni hili: ulikula nini, saa ngapi, ukiwa umekaa pale au umeletewa nyumbani, na ilikuwa lini?

Nianze na tanuri, kwa sababu ndilo linalobeba jina la mgahawa wa namna hii na ndilo lililokukosesha tikka mchana ule. Tanduri ni chungu kikubwa cha udongo ambacho mkaa huwashwa ndani yake, chini kabisa, na joto lake hupanda hadi kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Kuku wa tikka, aliyelala kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili nyekundu ya kusaga hutungwa kwenye chuma kirefu na kusimamishwa humo. Mafuta na maji yake yanadondokea makaa, moshi unarudi juu kwenye nyama, na ukali wa joto unaikausha sehemu ya nje kabla ya ndani kupoteza maji. Ladha hiyo haipatikani kwenye oveni ya gesi wala kwenye kikaango, hata mpishi awe hodari vipi. Lakini tanuri hilo huhitaji saa moja au zaidi kupata joto la kweli, na mkaa wa Dar es Salaam si wa bei ya kuchezea. Mwenye mgahawa anayepata wateja wachache mchana, wengi wao wafanyakazi wa ofisi wanaotaka wali na mchuzi wa haraka, huona ni hasara kuliwasha kabla ya jioni. Ulipoambiwa hakuna tikka, uliambiwa ukweli, na binafsi naliona jibu hilo kuwa dalili njema. Jiko lisilo na uaminifu lingekutolea kuku wa jana usiku, likampasha moto kwenye kikaango, likamrembesha kwa vitunguu na kipande cha ndimu, nawe ungeondoka ukisema tikka ya pale ni kavu.

Naan nayo inatoka kwenye tanuri hilohilo. Donge la unga mweupe wa ngano uliochachushwa hutandazwa na kubandikwa kwenye ukuta wa udongo, na baada ya dakika moja au mbili huwa limeiva, limevimba na kupata madoa meusi. Huo ni mkate wa kuliwa papo hapo. Unapopoa, wanga uliomo ndani yake huanza kukaza. Ukifungwa kwenye karatasi ya alumini ukiwa wa moto, mvuke huulowesha kwanza, kisha hugeuka kuwa kitu cha kuvutana nacho kwa meno. Kutoka Upanga hadi Kimara, hata bodaboda iwe na mbio kiasi gani, hakuna mpishi anayeweza kumletea shemeji yako naan kama inavyoliwa mezani. Angeagiza wali mweupe na mchuzi wa dali angekuwa na maneno tofauti leo, kwa sababu vyakula hivyo huvumilia safari na hupashwa moto nyumbani bila kuharibika. Sifahamu kwa nini mikahawa haiwaambii wateja jambo hili dogo wanapopiga simu, kwani malalamiko mengi ya chakula cha kupelekewa yangekwisha.

Lawama yake ya pili, ya mafuta, ina uzito zaidi na inahitaji maelezo. Karibu michuzi yote unayoiona kwenye menyu ndefu ya mgahawa wa Kihindi, kuku wa siagi, kuku masala, mboga mchanganyiko, jibini laini iitwayo paneer, huanzia kwenye sufuria moja. Asubuhi mpishi hukaanga vitunguu vingi mpaka vigeuke rangi, akatia tangawizi na kitunguu saumu, nyanya, manjano, giligilani na binzari nyembamba, na mara nyingi korosho zilizosagwa ili mchuzi uwe mzito na laini. Mteja anapoagiza, mpishi huchota upawa mmoja wa rojo hilo kwenye kikaango, akaongeza kinachoutofautisha mchuzi mmoja na mwingine: malai na siagi hapa, pilipili hoho pale, majani makavu ya uwatu mahali pengine. Bila utaratibu huo hakuna mgahawa ungeweza kukuletea mchuzi unaohitaji saa mbili za kupika ndani ya dakika 15. Hasara yake ni kwamba mtu anayeagiza michuzi mitatu kwa ajili ya familia anaweza kuona yote inafanana, na hapo anayelalamika ana haki kabisa.

Ama mafuta yenyewe, ujue kwamba mpishi wa Kihindi hukusudia yajitenge. Ndiyo ishara yake kwamba vitunguu na nyanya vimeiva na maji yamekwisha, na hata mama zetu wa pwani hukaanga nyanya ya mchuzi mpaka waione ishara hiyohiyo. Mafuta ya mchuzi mzuri huwa na rangi ya viungo na harufu yake, na ukikoroga kwa kijiko hurudi ndani. Mafuta mabaya ni yale yanayosimama juu peke yake kwa kina, hayana harufu ya kitu, na chini yake mchuzi umekatika kama maziwa yaliyoganda vibaya. Hiyo ni dalili ya rojo lililopashwa moto mara nyingi, pengine la jana au juzi. Shemeji yako hakusema alikuta yapi, na safari ya pikipiki nayo hupandisha mafuta juu. Mwulize juu ya harufu: kama mchuzi ulikuwa na harufu ya uchachu wa vitunguu, usimpuuze.

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wazima na waaminifu wapingane kuhusu mgahawa mmoja, nayo haionekani mezani. Mpishi wa tanduri mara nyingi huletwa kutoka India, kwa kuwa ni kazi ya ujuzi mahususi na vijana wetu wengi bado hawajapewa nafasi ya kuimiliki, jambo ambalo mimi hulilaumu waziwazi ninapokutana na wenye mikahawa. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi cha mgeni hutolewa kwa muda maalumu na huweza kuhuishwa, lakini jumla yake ina kikomo. Maana yake ni kwamba mkono unaoupenda una siku ya kuondoka. Mpishi anapokwenda, jina la mgahawa linabaki, menyu inabaki, hata picha ukutani zinabaki, ila kipimo cha ndimu na chumvi kwenye mtindi wa tikka kimepanda ndege. Sifa ya miaka miwili iliyopita, basi, ichukulie kama habari za mtu mwingine. Katika mikahawa iliyodumu bila kuyumba, nimeona karibu kila mara kuna Mtanzania aliyesimama kando ya tanuri kwa muda mrefu, akajua kila kitu, na wapishi wageni humpita wakija na kuondoka.

Sasa nije kwa jirani yako na biriani yake kavu, suala ambalo kwa mgeni kutoka Tanga lina hatari zaidi kuliko mengine yote. Biriani ya pwani yetu hupikwa katika vyungu viwili. Nyama hupikwa kwa vitunguu vya kukaanga, mtindi na nyanya mpaka iwe sosi nzito, wali hupikwa peke yake na kutiwa rangi, na viwili hivyo hukutana kwenye sahani, sosi nyingi juu ya wali. Biriani ya Hyderabad, mji wa India, ni kazi nyingine. Nyama iliyolowekwa hupangwa chini ya sufuria ikiwa bado mbichi, wali ulioiva nusu hulazwa juu yake, mfuniko hufungwa kwa kinyunga, na vyote huivishana kwa mvuke. Wali wake hutoka ukiwa umeachana punje kwa punje, umenyonya ladha, lakini hauna sosi ya kumwagia. Huletwa na mtindi uliokatiwa matango na pengine kibakuli kidogo cha mchuzi. Jirani yako alitegemea ya kwanza akaletewa ya pili. Ukavu anaoulalamikia ndio ambao mhandisi wa kutoka Hyderabad anayefanya kazi ya mkataba hapa mjini angeusifu. Isipokuwa wali uwe mgumu katikati au nyama inang'ang'ania mfupa. Hapo ni kosa la jiko, nalo halina utetezi wa jimbo lolote.

Na usidhani kwamba Wahindi wenyewe hukubaliana. Familia nyingi za zamani za Kihindi za Dar es Salaam zilitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na chakula cha nyumbani kwao ni chepesi: dengu, mboga, dali yenye ukwaju au ndimu na sukari guru kidogo, chapati nyembamba. Menyu za mikahawa ya kawaida, hata hivyo, hufuata zaidi Punjab na Delhi, kaskazini mwa India, penye tanuri, malai na paneer. Kuku wa siagi mwenyewe huhusishwa na wapishi wa Kipunjabi waliohamia Delhi baada ya mgawanyiko wa India wa mwaka 1947. Bibi wa Kigujarati anayekaa karibu na mahekalu ya mtaa wa Kisutu anaweza kukuambia kwamba mgahawa huohuo hupika chakula kizito kisicholika, na mjukuu wake aliyeketi pembeni akaagiza naan ya tatu. Watu husema, ukitaka kujua kama mgahawa wa Kihindi ni mzuri, tazama kama Wahindi wanakula pale. Ni shauri la nusu tu. Tazama wanachokula. Meza tatu zikiwa na chakula kilekile, hicho ndicho jiko linachokipika kila siku na kukiuza kikiwa kipya.

Kuhusu bili nitasema machache. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) huku Tanzania Bara ni asilimia 18, na baadhi ya mikahawa huandika bei bila kuijumuisha, ikaweka maneno madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Chakula cha shilingi 60,000 kikiongezewa kodi hiyo huwa 70,800, na mtu aliyekwisha kuhesabu fedha zake huona ameibiwa. Uliza kabla ya kuagiza, kisha dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) unapolipa. Lakini nadhani mshangao mkubwa zaidi hutokana na desturi ya kuuza kila kitu peke yake. Sisi tumezoea sahani iliyokamilika: wali, mchuzi, nyama, maharage, mboga na kachumbari, bei moja. Kule unanunua kibakuli cha mchuzi, kisha wali, kisha mkate, hata mtindi. Michuzi hiyo imekusudiwa kuwekwa katikati ya meza na kuchangiwa. Watu wawili wazima wakiagiza kila mmoja mchuzi wake, wali wake na naan zake, watalipa fedha nyingi na kubakiza chakula. Ninyi watu watano mtatosheka na sahani moja kubwa ya tikka, michuzi miwili, wali wa sahani mbili, na naan mnazoziagiza chache chache kadiri zinavyokwisha, ili kila moja ifike ikiwa ya moto.

Huduma ya polepole na wahudumu wasiotabasamu sitaijadili, kwani hiyo hutegemea siku na idadi ya meza.

Lipo kundi moja la malalamiko ambalo silitafutii udhuru: mtu akikuambia aliumwa tumbo. Wali uliopikwa na kuachwa kwenye joto la jiji hili ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu bakteria aina ya Bacillus cereus hujificha humo kwa umbo linalostahimili kupikwa, huzaliana wali unapopoa taratibu, na sumu yake inayoleta kutapika haiondoki kwa kupasha moto tena. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, cha kuliwa moto kiwekwe juu ya nyuzi 60, na cha kuhifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5. Umeme unapokatika mchana kutwa na jenereta likiwa bovu, kuku aliyelowekwa na jibini laini huwa vya kwanza kuharibika. Dalili unaweza kuziona mwenyewe: paneer yenye utelezi, mtindi unaochoma ulimi, wali wa biriani wenye joto juu na ubaridi katikati. Rudisha sahani bila haya. Mtu akiugua kweli, taarifa ifikishwe kwa afisa afya wa halmashauri, ambaye kwa Upanga ni wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mtu mmoja kuumwa anaweza kuwa ameugulia chakula cha mahali pengine. Lakini ukisikia watu wawili wasiojuana waliougua ndani ya mwezi uleule baada ya kula hapohapo, tafuta mgahawa mwingine. Kati ya mashahidi wako watatu hakuna aliyesema hivyo, na ndiyo sababu nasema mpeleke mama.

Mama hali pilipili, nawe usitegemee maneno "pilipili kidogo" kwa mhudumu, kwa kuwa rojo la asubuhi limeshatiwa pilipili yake na mpishi hawezi kuitoa. Anachoweza ni kuongeza malai, ndiyo maana kuku wa siagi na michuzi ya korosho huwa ya upole kuliko mingine. Mwagizie pia kuku aliyelowekwa kwa malai na iliki badala ya tikka nyekundu. Mikahawa mingi inayo. Ila chaguo langu kwake lingekuwa dali ya mbaazi zilizokobolewa, ambayo hutiwa samli ya moto yenye binzari nyembamba na kitunguu saumu dakika ya mwisho. Mwambie mhudumu samli hiyo isitiwe pilipili kavu. Mtu wa Tanga aliyezoea mbaazi za nazi hataona ugeni. (Wakulima wa Mtwara na Lindi wanaijua njaa ya India ya mbaazi vizuri kuliko mtu yeyote: nchi hiyo ilipoweka kikomo cha uagizaji mwezi Agosti 2017, bei huku iliporomoka.) Kama menyu ina kuku paka, mchuzi wa kuku wa kuchoma katika tui la nazi ambao Wahindi wa Afrika Mashariki waliufanya kuwa wao, ulizia ukali wake kwanza, kisha mletee huo. Biriani msimwagizie, isipokuwa mhudumu akuhakikishie kuna sosi. Na mtoto akiungua mdomo, mpe mtindi au lasi, kinywaji cha mtindi, badala ya maji: kinachowasha kwenye pilipili huyeyuka katika mafuta, wala maji hayakiondoi. Kama yupo yeyote anayedhurika na korosho au karanga, semeni mnapoketi, kwa maana korosho zimo ndani ya michuzi mahali usipoziona.

Nendeni siku ya kazi jioni, mfike kama saa moja usiku, tanuri likiwa limekwisha kushika moto na familia za Upanga bado hazijajaza meza. Ijumaa mchana na Jumapili usiku jiko huzidiwa. Alasiri ya siku hiyo piga simu, uliza mambo matatu: tanuri litawashwa saa ngapi, bei zina VAT ndani yake au la, na mpishi wa tanuri ni yuleyule wa mwanzo wa mwaka. Swali la mwisho litamshangaza anayepokea, lakini atakujibu. Akisema amesafiri na aliyepo ni wa muda, mpikie mama nyumbani wiki hiyo, mwende atakaporudi.